Gemu Inazima Kila Siku, Jamaa Analaumu Modi, Kumbe Diski Inakata Roho

Kuna jamaa mmoja wa Tabata, mpiga video za harusi na send-off, ambaye mchana anahariri kazi za watu na usiku anaendesha basi. Sio basi la kweli wadau, ni Euro Truck Simulator 2, ile gemu ya malori iliyotoka 2012 kule Jamhuri ya Czech, ambayo ukiiwekea modi inageuka ya mabasi. Kwenye mashine yake, kompyuta ya mezani ya mtumba, alijaza modi 16: mabasi ya mikoani, honi, ramani, mpaka kelele za stendi.

Ikafika siku gemu ikaanza kumzingua. Anachagua basi, anatoka gereji, dakika mbili nyingi skrini inaganda, halafu gemu inajifunga bila hata kuaga.

Mwanzoni jamaa alienda vizuri, apewe haki yake. Hii gemu ina faili linaitwa game.log.txt, linakaa kwenye folda yake ndani ya Documents, na humo inaandika kila inachofanya. Ikijifunga, unalifungua hilo faili kabla hujaiwasha tena, unashuka mistari ya chini kabisa, unatafuta palipoandikwa ERROR. Mara nyingi jina la modi yenye shida linakuwa hapohapo linakuangalia. Lisipoonekana, gawa nusu kwa nusu: zima modi 8, jaribu. Ikikubali, mchawi yuko kwenye zile 8 ulizozima, nazo unazigawa tena. Kama mchawi ni mmoja, modi 16 zinaisha kwa majaribio 4 tu, sio kufuta kila kitu na kuanza kulia. Ila tumia profaili mpya kwa majaribio, maana ukizima ramani kwenye profaili ya zamani unaweza kukuta mzigo uliokuwa umebeba haupo.

Mchawi akapatikana. Lilikuwa basi lililotengenezwa kwa toleo la zamani, gemu ikapata apdeti, basi likaachwa stendi. Akalitoa, akacheza siku mbili safi kabisa.

Siku ya tatu ikazima tena, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Modi mbovu ina tabia ya kuua gemu palepale: basi lilelile, kona ileile. Hii mpya haikuwa na mpangilio. Leo inazima wakati wa kufunguka, kesho baada ya saa nzima, keshokutwa inaganda sekunde 20 halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Barabara inachelewa kuonekana, basi linaelea hewani. Ukifika hapo, modi ziache kwanza, mtazame mashine.

Yeye hakuitazama. Alipojaribu kukopi ile ramani, Windows ikamletea kosa la CRC, akaamua faili lilishuka vibaya. Akanunua bando, akashusha GB zote upya usiku wa manane. Ikafanya kazi! Akafurahi kweli. Wiki ileile ikafa tena, akashusha tena.

Kilichokuwa kinamdanganya ni hiki. Hard disk huhifadhi vitu kwenye vipande vidogo vinavyoitwa sekta. Sekta ikichoka, diski inajaribu kuisoma tena na tena, na muda wote huo gemu inasubiri, ndiyo ile kuganda. Ukishusha faili upya, linaandikwa sehemu nyingine nzima, au diski yenyewe inaitupa sekta mbovu na kuweka ya akiba. Kwa hiyo unaona umepona, kumbe umehama tu chumba. Na akiba ya diski ina mwisho.

Muda wote huo simu ya mama wa bibi harusi ilikuwa haikauki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hivi video yetu imefikia wapi?"

"Naimalizia mama, wiki hii."

Video ya mama huyo ilikuwa kwenye mashine ileile. Memori kadi za kamera zilishafutwa zamani kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi iliyofuata.

Rafiki yake mmoja akamshauri apige Windows upya. Mwingine akamwambia aendeshe chkdsk kwa kuweka /r. Bahati nzuri alichelewa kufanya vyote viwili, akabeba mashine mpaka kwa fundi wake Kariakoo, mtu mzima asiye na haraka. Fundi hakugusa gemu. Akaangalia Task Manager kwanza: diski asilimia 100, huku inasoma KB chache tu kwa sekunde. Akafungua CrystalDiskInfo. Badala ya bluu, njano. Mistari ya 05, C5 na C6, ambayo inatakiwa isome sifuri, ilikuwa na namba. Akatazama na C7, ikawa sifuri. Hiyo ingepanda peke yake, mtu angeanza kushuku waya wa diski, na waya ni hela ndogo.

"Kazi za watu umezikopi wapi?"

"Zipo D, fundi. Windows ipo C, kwa hiyo hata ikifa, D iko salama."

Fundi akacheka, ila sio kwa dharau. "Mdogo wangu, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, utahamia chumba gani?"

Huu uongo wa D mjini ni mwingi sana. Mafundi wanagawa diski ili siku ya kupiga Windows mafaili yako yabaki, na hapo inasaidia kweli. Kwenye diski inayokufa haisaidii chochote.

Ile chkdsk ya /r nayo inapita diski nzima sekta kwa sekta, na diski inayohema unaweza kuimalizia hapohapo. Kwanza unakopi, tena kwa kuanza na kile usichoweza kukipata kwingine. Gemu inashushwa, modi zinashushwa, send-off ya mtu haishushwi popote. Fundi akaitoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake yenye Linux, akatumia ddrescue, programu inayobeba sehemu nzima kwanza halafu ndiyo inarudi kubembeleza zilizooza. Ikalala inafanya kazi.

Asubuhi, harusi moja ilikuwa imetoka yote. Ya mama yule ilitoka pungufu, na kilichokosekana ni nasaha za baba mzazi, kama dakika sita hivi.

Jamaa alipiga simu mwenyewe, hakusubiri kupigiwa. Mama alinyamaza kwa muda, akasema "haya baba," akakata. Jioni kwenye WhatsApp zikaanza kuingia klipu za wageni, za kusimama wima, mama kazikusanya kwa ndugu mmoja mmoja. Kwenye moja baba anasikika vizuri, ila nusu ya muda mhudumu mwenye trei kamziba.

Diski mpya kaweka, SSD. Gemu bado hajairudisha, anahangaika kuoanisha ile sauti.