Sahani Nne za Babu

Wasomaji wa gazeti letu watanisamehe nikiacha kidogo habari za kandanda na za safari za darasa, nikawaeleza habari za sahani nne za santuri. Najua wapo watakaocheka. Bwenini kwetu muziki wa aina hii huitwa "muziki wa msiba", na aliyeupa jina hilo ni mimi mwenyewe, wakati nilipokuwa sijapata kuusikia ila katika sinema.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa redio mjini Tanga. Kazi ameiacha tangu macho yalipopungua nguvu, lakini chumba chake cha nyuma bado kimejaa valvu, nyaya na spika zilizopasuka. Miongoni mwa vitu hivyo ipo gramafoni ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na sanduku la sahani za zamani, zile nzito ziendazo mizunguko 78 kwa dakika, ambazo ukiiangusha moja haina dawa. Sanduku hilo alipewa zamani na mteja mmoja aliyeshindwa kulipa fedha za matengenezo. Ndani yake mna taarabu, mna nyimbo za dansi, na chini kabisa mna sahani nne zilizofungwa katika kitambaa. Zote nne ni muziki mmoja. Mtungaji wake ni Franz Schubert wa Vienna, na wapigaji ni watatu: Alfred Cortot kwa piano, Jacques Thibaud kwa fidla, na Pablo Casals kwa chelo. Waliupiga London, mwezi wa Julai 1926.

Kwa asiyeijua, chelo ni ndugu mkubwa wa fidla. Mpigaji huketi akaibana kati ya magoti, nayo ina sauti nene, kama ya mtu mzima anayesema bila kupaza sauti. Muziki wa namna hii, upigwao na watu watatu au wanne au watano, Wazungu huuita muziki wa chumba, kwa sababu hapo kwanza ulitungwa upigwe majumbani, si katika kumbi kubwa. Hakuna mtu wa kusimama mbele na kifimbo kuwaongoza. Kila mpigaji ana sehemu yake peke yake, wala hana mwenzake wa kujificha nyuma yake. Akikosea, husikika kwamba ni yeye.

Nilifika kwa babu likizo ya Desemba nikiwa sina raha, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Nilikuwa sitaki kuzungumza na mtu, na babu, ambaye si mtu wa kuuliza maswali, alinipa kazi ya kufuta vumbi sahani zake. Nilipozifikia zile nne nikamwuliza ni nini. "Kaa usikie," akasema.

Lazima nieleze shida ya sindano. Gramafoni ya namna ile hutumia sindano ya chuma, na yapasa kuibadili kila upande wa sahani, ama sivyo hula mifereji. Sindano za babu zimebaki chache, tena hazipatikani madukani, kwa hiyo ameweka sheria ya pande mbili kwa siku. Upande mmoja ni kama dakika nne tu. Muziki ule, ambao wote ni zaidi ya nusu saa, umekatwa ukaenea pande nane. Basi kuusikia wote kulinichukua siku nne.

Siku ya kwanza nilisikia mkwaruzo, kama mtu akaangaye samaki chumba cha pili. Kisha nyuma ya mkwaruzo huo fidla na chelo zikaanza kuimba pamoja wimbo mmoja, moja juu na moja chini, piano ikizisukuma. Kabla sijauzoea, upande ukaisha. Babu akageuza sahani, akabadili sindano, akatia ufunguo. Upande wa pili nao ukaisha. "Basi," akasema, "mpaka kesho." Niliudhika, maana kituo kile hakikuwa kituo, ilikuwa kama mtu aliyekatizwa neno mdomoni. Jioni, nikichota maji, nikajikuta naumalizia mwenyewe kwa mluzi, na kuumalizia vibaya.

Siku ya pili babu alinifundisha jinsi ya kusikiliza. "Leo mfuate chelo tu," akaniambia. "Wengine waache waende zao." Ni shauri rahisi, lakini kwangu lilikuwa kama kupewa miwani. Masikio yetu yamezoea kwenda kwa mwenye sauti ya juu, nayo ndiyo fidla. Ukimfuata mwenye sauti ya chini unagundua kuna mtu alikuwa akisema na wewe muda wote. Ilipofika sehemu ya pili, ile ya taratibu, piano ilianza kuyumba kama mtumbwi uliofungwa gatini, na juu yake chelo ikaimba wimbo mmoja mrefu. Kisha fidla ikaupokea wimbo ule ule. Chelo haikunyamaza, iliendelea chini yake, kama mtu anayemsikiliza mwenzake na kumwambia "naam, naam". Nilimwomba babu aurudie upande ule. Akatazama kopo la sindano, akaurudia.

Schubert aliutunga muziki huu karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1828, umri wake miaka 31, na ulipigwa chapa mwaka 1836. Sikuwa nimetazamia kwamba mtu aliye katika hali hiyo angetunga jambo la furaha namna hii. Kwa hiyo jina langu la "muziki wa msiba" nalifuta rasmi hapa.

Yafaa pia kujua jinsi sahani hizo zilivyotengenezwa. Kabla ya 1925 wapigaji walikuwa wakijibana mbele ya pembe kama ya tarumbeta, na sauti ndogo zilipotea. Mwaka huo makampuni yakaanza kutumia maikrofoni, na ndiyo sababu chelo ya Casals inasikika vizuri hivyo mwaka mmoja tu baadaye. Lakini hapakuwa na njia ya kukata kosa na kuliunga. Sauti ilichorwa moja kwa moja katika nta. Ukikosea, ama uanze upya upande mzima, ama kosa libaki. Cortot alijulikana kwa kugonga hapa na pale noti isiyo yake, na watu wakamsamehe kwa ajili ya hizo nyingine. Mimi nilifurahi kujua hivyo. Nilikuwa nimedhani kwamba watu wakubwa hawakosei.

Kampuni iliyotengeneza sahani hizo ni His Master's Voice, ile yenye sanamu ya mbwa anayesikiliza. Katika sanduku lile lile babu anayo sahani moja ya Siti binti Saad, yenye mbwa yule yule. Siti na wenzake walisafiri mpaka Bombay Machi 1928 kuimba kwa ajili ya kampuni hiyo, na mwaka huo huo, London, Cortot, Thibaud na Casals walipiga muziki wa Beethoven uitwao Archduke. Siti naye alibanwa na upande wa dakika chache kama wao. Babu huzipanga pamoja, wala haoni ajabu. "Fidla ni fidla," husema.

Niliporudi shuleni nilitaka kujua zaidi habari za watu hao watatu, na mwalimu wetu wa Historia akanisaidia kusoma katika kompyuta ya maktaba. Walianza kupiga pamoja mwaka 1905, wakiwa vijana, wakaendelea hata miaka ya 1930. Kisha ikaja vita. Casals, mtu wa Catalonia, aliondoka kwao Franco aliposhinda mwaka 1939, akakaa Prades, mji mdogo wa Ufaransa karibu na mpaka, wala hakukubali tena kupiga muziki katika Hispania ya Franco. Akafa mwaka 1973, Puerto Rico, Franco akiwa bado madarakani. Cortot alishika njia nyingine. Alikubali cheo katika serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani walioiteka Ufaransa, na mwaka 1942 akaenda kupiga piano Ujerumani. Vita vilipokwisha alikatazwa kupiga hadharani muda wa mwaka mmoja. Thibaud alikufa mwaka 1953 ndege yake ilipogonga mlima katika Alpi, na fidla yake, kazi ya Stradivari, ikaangamia pamoja naye.

Habari za Cortot zilinikasirisha sana. Nilijiona nimedanganywa. Likizo ya Juni nilipofika Tanga, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwambia babu kwamba zile sahani nne sizitaki tena.

"Zimekukosea nini?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza akipapasa lile kopo la sindano. Kisha akauliza, "Waliupiga mwaka gani?"

"1926, babu."

"Na hayo mengine?"

"1942."

"Basi huyu aliye ndani ya sahani hajui bado atakalofanya," akasema. "Wewe, mjukuu wangu, unajua utakalofanya?"

Babu hakuwa na habari yoyote ya mambo yangu ya shuleni. Aliuliza kama wazee wanavyouliza, akaendelea na shughuli zake. Lakini mimi nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe mpaka giza likaingia.

Sasa nieleze lile nililoahidi. Tulikuwa watatu, na tangu tulipoanza Kidato cha Tano tulisoma pamoja kila jioni, hesabu na fizikia, katika meza moja ya maktaba. Mwezi wa Oktoba fedha za kununulia mipira zilipotea. Mmoja wetu ndiye aliyezichukua, nilimwona nazo. Alipoulizwa, kwa hofu, alimtaja mwenzetu. Mwalimu akaniita nami, kwa kuwa alijua tulikuwa pamoja siku zote, akaniuliza ninajua nini. Nikasema, "Sijui, mwalimu." Mwenzetu akarudishwa nyumbani wiki tatu. Yule mwingine alihama shule mwishoni mwa mwaka, na mimi nikabaki katika meza ya watu watatu peke yangu. Kumkasirikia Cortot kulikuwa kazi nyepesi: yeye ni Mfaransa, tena amekufa tangu 1962.

Kuna jambo moja zaidi nililolisoma maktabani, ambalo mwanzoni nililipita haraka kwa kuwa halikulingana na hasira yangu. Mwaka 1958, huko Prades, Casals alimkaribisha Cortot katika tamasha lake, wakapiga pamoja kazi za Beethoven. Casals alikuwa na miaka 81, Cortot 80. Wa tatu wao hakuwapo tena. Nimejaribu mara nyingi kuwaza dakika ile kabla ya noti ya kwanza, wazee wawili wakitazamana kuhesabu, kama wapigaji wa namna hii wanavyofanya kwa kuwa hawana mwenye kifimbo.

Shule ilipofunguliwa Julai nilimtafuta rafiki yangu. Nilimkuta nyuma ya bweni akifua. Nikamwambia kwamba siku ile nilijua, na nikasema sijui. Aliendelea kukamua shati lake mpaka maji yakaisha. "Nilijua kwamba unajua," akasema. Hakusema zaidi, wala hakunishika mkono. Siku ile ile nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza. Barua ya kumsafisha imeandikwa na kutiwa katika jalada lake, nami nilipata adhabu yangu, ambayo sina neno juu yake. Wiki tatu za masomo alizozikosa hazikurudi. Haya ninayoandika nimemwomba ruhusa, naye ameniruhusu kwa sharti nisimtaje jina.

Mwezi uliopita mwalimu alitupa nafasi ya kutumia kompyuta na spika za maabara Jumamosi alasiri. Niliwaandalia wenzangu muziki huo mara mbili: kwanza kama ulivyopigwa na kundi la Beaux Arts la Marekani, lililoanza mwaka 1955, ambalo mpiga chelo wake wa kwanza, Bernard Greenhouse, alikuwa mwanafunzi wa Casals, kisha ule wa 1926. Wa Beaux Arts ni safi na kila noti ipo mahali pake, na ninamshauri anayeanza aanze na huo. Mimi bado naupenda zaidi ule wenye mkwaruzo. Walikuja watu kumi na mmoja. Wanne waliondoka kabla ya sehemu ya kwanza kwisha, na mmoja akalala.

Rafiki yangu aliingia amechelewa, akakaa dirishani mbali na mimi. Tulikuwa tumefika sehemu ya taratibu, katika sahani ya 1926. Piano ikayumba, na ile sauti nene ikaanza.

"Hiyo ni ipi?" akauliza, bila kunitazama.

"Chelo."

Akasikiliza mpaka fidla ikapokea, na zaidi ya hapo kidogo.

"Rudisha mwanzo," akasema.