Baridi ya Eldoret na Joto la Kilifi: Tuchague Chuo Vipi?

Kila mwaka wakati wa kuchagua kozi za KUCCPS unapokaribia, bwenini kwetu hakulaliki. Kila mtu hugeuka mtabiri wa hali ya hewa. "Mimi Eldoret siendi, wallahi! Nitaganda kama samaki wa friji," asema mmoja. Mwenzake aliyetoka bara naye amjibu, "Na mimi Kilifi nikafanye nini? Nikayeyuke?" Tunacheka hadi kiranja anazima taa. Lakini kicheko hicho kina jambo ndani yake, maana wapo wanaoacha kozi waliyoitamani tangu shule ya msingi kwa kuogopa kununua sweta.

Tuseme kweli, tofauti ipo. Mombasa na Eldoret zote ziko karibu na ikweta, lakini Mombasa imekaa ufuoni na Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Tumefundishwa katika Jiografia kwamba ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Kijana wa Pwani aliyezoea kulala na shuka moja akifika huko mwezi wa Julai, ataitafuta blanketi bila kuambiwa. Na wa kutoka Nyahururu akifika Kilifi mwezi wa Machi, atakoga mara tatu kwa siku na bado atoke jasho. Lakini hayo ni ya kuzoeleka. Mwili wa kijana mzima ni mwanafunzi mwepesi kuliko akili yake.

Walakini si kila mwili ni mzima, na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Dada yangu anaugua seli mundu tangu utotoni. Alipomaliza kidato cha nne, moyo wake wote ulikuwa Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka wa 1939. Alitaka kusomea kilimo, aone mashamba ya ngano na ng'ombe wa maziwa wa kule. Nyumbani kukawa na baraza. Baba akasema, "Mwanangu, baridi ya huko itakuua." Dada akajibu, "Baba, hata hapa nyumbani nalazwa." Mama alinyamaza tu, akawa anapepeta mchele usiokuwa na chuya.

Walikwenda kliniki kuuliza. Daktari hakumkataza wala hakumruhusu. Alimweleza kwamba baridi kali huweza kuamsha yale maumivu ya mifupa, lakini joto nalo likimkausha maji mwilini linaweza kuyaamsha vilevile. Isitoshe, huku kwetu Pwani kuna malaria, ambayo kwa mgonjwa wa seli mundu ni hatari kubwa. Basi hakuna mahali palipokuwa salama kabisa. Lililobaki ni kuuliza: akizidiwa usiku wa manane, nani atamfikisha hospitali, na hospitali hiyo inamjua?

Swali hilo ndilo lililoamua. Kutoka Kilifi hadi Njoro ni zaidi ya kilomita 700, na Baba hana nauli ya kukimbilia huko kila simu inapolia. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi papa hapa, na kilimo kinafundishwa. Dada alilia siku mbili. Siku ya tatu alitia Pwani mbele, Egerton nyuma. Sasa yuko mwaka wa pili. Analala ndani ya chandarua, chupa yake ya maji haimtoki mkononi, na badala ya ngano anajifunza kati ya mikorosho na minazi, mimea ambayo nyanya yetu amekuwa akiitunza maisha yake yote. Ng'ombe wa Njoro bado anawataja. Simlaumu, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nimesimulia haya kwa sababu nimesikia wengine wakimtumia dada yangu kama kisingizio: "Hata fulani aliikataa baridi." La! Yeye alikuwa na sababu, na aliipima mbele ya daktari na wazazi. Mimi mwenyewe ni mzima, namshukuru Mungu, na ninataka kusomea misitu. Nimeandika Eldoret kuwa chaguo langu la kwanza. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani, na najua nitarudi mara chache, pengine Disemba kwa Disemba, kwa kuwa mfuko wa Baba sasa una watoto wawili wa chuo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, wala si baridi. Baridi ina dawa sokoni, tena ya mtumba.

Kwa hivyo wenzangu wa kidato cha nne, kabla hujasema "siendi huko", jiulize mambo matatu. Je, hali ya hewa ya pale itaudhuru mwili wangu, au itanisumbua tu wiki mbili tatu? Je, nauli na kodi ya chumba tutaziweza miaka yote minne? Na je, mahali penyewe panafundisha kitu ambacho ukuta wa darasa hauwezi, kama vile bahari inavyomfundisha anayesomea samaki? Ukishajibu, nenda kwa mwalimu wa ushauri, kaa na wazazi, kisha uandike.

Na wewe uliyetoka bara, karibu Kilifi. Jasho halijamyeyusha mtu bado. Usisahau chandarua.