Kutoka Kibokoni hadi Marikiti



Kutoka baraza ya nyumba yetu, Kibokoni, hadi Marikiti si mwendo wa kumchosha mtu mwenye afya. Hupita vichochoro vyenye kivuli, chini ya roshani za mbao, ukisalimiana na watu wa barazani, kisha ghafla hutokea barabara ya Digo penye jua, honi za tuktuk na harufu ya maembe. Dada yangu mkubwa aliupita mwendo huo kwa zaidi ya miaka 30, alfajiri, beseni la mahamri kichwani. Mwaka jana hakuupita hata mara moja.

Madaktari walikwisha kumpima kwa kumpulizisha mashine, wakatueleza kuwa ana maradhi sugu ya mapafu: njia za hewa zimeharibika na kuwa nyembamba, dawa humpunguzia taabu wala hazirejeshi mapafu ya ujanani. Hajapata kuvuta sigara maishani mwake. Hilo tulilielewa. Ambalo sikulielewa ni kwa nini hata siku ambazo kifua kimetulia hakubali kuvuka kizingiti. Nilimwambia, na leo naona haya kuandika: “Dada, huo ni wasiwasi tu. Zidisha nyiradi.” Hakunijibu. Dada yangu si mtu wa kunyamaza.

Katika hali hiyo nilipata mwaliko kutoka hospitali moja hapa kisiwani. Walikuwa na wanagenzi saba wa saikolojia, vijana waliomaliza masomo ya darasani na sasa wanajifunza kazi kwa vitendo, nao walitaka mtu wa kuwaeleza ibada za wagonjwa Waislamu. Niliombwa nizungumze saa moja. Nilikaa siku mbili.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya pili, mwisho wa ujia mrefu ambako wagonjwa hupimwa kwa kutembezwa dakika 6, ukahesabiwa umbali waliofika. Mwalimu wao, mama wa makamo, hakuanza kwa kitabu. Aligawa mirija ya soda, akatuamuru sote tubane pua, tupumue kwa mrija peke yake, kisha tushuke ngazi na kupanda. (Aliye na maradhi ya kifua au moyo asijaribu.) Nilifika ngazi ya kumi na tatu au kumi na nne, nikautupa mrija. Moyo ulinidunda, na kwa lahadha moja nilikuwa sioni chochote duniani ila hewa. Na nyiradi nazijua.

Ndipo akachora duara tatu ubaoni, mpango uliotungwa na wataalamu wa huko Cambridge, Uingereza: kupumua, kufikiri na kutenda. Mgonjwa wa namna hii taabu yake kubwa iko katika kutoa hewa. Akishtuka huhema harakaharaka, hewa ya kwanza haijatoka akaivuta ya pili, kifua kikajaa kama kibofu, na pumzi ikazidi kubana. Hiyo ni duara ya kwanza. Ya pili ni fikira: “Sasa nakufa.” Fikira hiyo huongeza mbio za pumzi. Ya tatu ni kwamba, kwa kuogopa, huacha kutembea. Misuli ya miguu hulegea, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ndogo. Kila duara huilisha mwenzake. Nilimwona dada yangu ubaoni pale.

Mchana waliigiza. Kijana mmoja, mwenye moyo mzuri kabisa, alimwambia “mgonjwa” wake: “Tulia mama, vuta pumzi ndefu.” Mwalimu akamsimamisha. Kifua kimekwisha kujaa, nawe wamwambia aongeze? Mwambie atoe. Aketi, ainame kidogo mbele, mikono juu ya mapaja, avute polepole kwa pua, kisha apulize kwa midomo iliyofumbwa nusu, kama apozaye kahawa katika kikombe, kupuliza kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na apepewe usoni, penye mashavu na pua. Upepo wa baridi hapo hupunguza hisia ya kubanwa, na kipepeo cha ukindu chatosha.

Jambo jingine alilolikariri ni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima hewa katika damu. Namba yaweza kuwa nzuri na mgonjwa bado ahisi anazama. Mwanagenzi akisema “mbona hewa yako iko sawa,” amemwita mwongo. Lakini aliwaonya pia wasigeuze kila kitu kuwa hofu: midomo ikiwa ya buluu, maneno yakichanganyika, makohozi yakibadilika rangi au homa ikipanda, si kazi yao tena, aitwe daktari mara moja.

Zamu yangu ilipofika nilisema machache. Kwamba asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza sahaba Imran bin Husayn. Kwamba wako wagonjwa waachao inhela Ramadhani nzima pasi kumwambia mtu. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama hufunguza, lakini kujidhuru hakuna khilafu, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kula. Waulizeni kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuzidiwa.

Nanyi mama zangu, nawaulizeni nami: jikoni mwenu pana dirisha? Huko Masindi, Uganda, watafiti waliwapima watu 588 wa zaidi ya miaka 30, wakachapisha matokeo mwaka 2015: takriban 16 kwa kila mia walikuwa na maradhi haya, wanawake karibu sawa na wanaume, na karibu wote wakiishi na moshi wa kuni na makaa. Dada yangu alikaangia mahamri katika chumba ambacho ukiingia macho yalitoka machozi. Sisi wadogo zake tulisomeshwa kwa moshi ule. Udi na ubani nao ni moshi, hata ukinukia. Palipo na mgonjwa wa kifua, chetezo kitolewe nje.

Juma lililofuata nilimpeleka dada kwa tuktuk. Alipokewa na binti mmoja kati ya wale saba, akakaa naye, nami nikaambiwa nisubiri karibu na mlango. Binti hakumwambia asiogope. Alimwuliza: “Mama, unaogopa nini hasa?”

Dada akajibu kama aliyengojea swali hilo mwaka mzima: “Naogopa kuanguka Marikiti, mwanangu, wanaume wanizunguke, wanifungue buibui wanipe hewa.”

Nilikuwa nimemhubiria mauti na tawakali. Mauti hakuyataja.

Binti hakucheka wala hakumsahihisha. Walipanga pamoja: atembee na mtoto wa kike wa nyumbani ambaye amefunzwa la kufanya, awe na leso ya pili ya kumsitiri, atue kila baraza kabla pumzi haijamwishia, si baada. Kipepeo mkobani. Juma la kwanza baraza ya jirani tu na kurudi. Kisha ya pili. Dada alikitazama kile kipepeo akasema ndicho alichopulizia makaa ya seredani miaka yote, sasa ndio kinamlipa deni. Siku zake nyingine bado ni mbaya. Juzi alikaa kitandani tangu adhuhuri, akaswali ameketi, asiseme na mtu.

Alhamisi iliyopita niliomba ruhusa nifuatane nao. Alitua mara tano. Baraza ya mwisho kabla ya barabara kuu ni ya duka la vitambaa; mwenye duka alimletea kiti bila kuulizwa, akaondoka zake. Dada akapuliza pumzi zake, akaitazama barabara na Marikiti kwa muda mrefu.

“Maalim,” akaniambia, “leo yatosha. Nirudisheni.”

Tukarudi.