Mikoko ya Gazi, Kenya

Ukitoka Mombasa, ukavuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya kusini kwa kiasi cha kilomita 50, utafika Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale. Nilifika huko nikiwa mwanafunzi kutoka Uganda, nikijifunza utunzaji wa misitu. Jumba la kale la Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, tulilitazama kwa haraka, kwani maji yalikaribia kujaa.

Msituni tulipita juu ya daraja la mbao linaloendeshwa na akina mama wa kijiji. Nilishuka nipande mche, nikazama hadi magotini, na kiatu kimoja kikabaki topeni. Mama aliyetuongoza alicheka. "Mwanangu, huku watu huja pekupeku."

Tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za msitu huo. Mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi topeni. Watu wa ng'ambo wapendao kufidia moshi wao hulipia kazi hiyo, na fedha hizo zimeleta maji safi na vitabu vya shule.

Nilimwuliza mama yule: kijana anayetaka kuoa atajenga kwa boriti zipi, ikiwa mikoko haikatwi? Akanyosha kidole kwenye mivinje michanga iliyopandwa nchi kavu.

"Hiyo, ikikua."

Nyumba yake mwenyewe, aliyojengewa na marehemu mumewe kwa boriti za mikoko, ilikuwa imeanza kuinama upande wa jikoni.