KUCHIMBA DAWA



Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa natoka Kigoma kuja Tabora. Tulipopita Urambo, konda akapaza sauti: "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" Nikashuka mbio hadi nyuma ya mwembe mkubwa kando ya barabara. Wakati narudi, nikamkuta mzee ameshika jembe, ananitazama kuanzia kofia hadi kanzu. Akasema kwa upole, "Ustadhi, mchana wajukuu zangu wanacheza chini ya mwembe huo."

Sikuwa na jibu. Na mlango wa tohara nimeusomesha miaka mingi!

Ndugu zangu, tulitazame neno lenyewe. Mganga huingia porini peke yake kuchimba mizizi, na hakuna anayemfuata. Msafiri naye akaazima neno hilo: anaaga kwa heshima, na anayesikia anaelewa bila kutajiwa. Hata Qur'ani imetufunza adabu hii. Katika aya ya tayammamu (An-Nisaa: 43) limetumika neno GHAAIT, ambalo asili yake ni mahali palipoinama, bondeni, kwa sababu huko ndiko watu walikokwenda kujisitiri.

Lakini adabu ya ulimi bila adabu ya kitendo haijakamilika. Mtume ﷺ ametuonya tusijisaidie katika njia ya watu wala kwenye kivuli chao, kwani hilo huleta laana. Na sisi watu wa Tabora kivuli tunakijua. Hapa Unyanyembe ndipo ilipopita misafara ya Bagamoyo na Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu: wapagazi wa Kinyamwezi na pembe mabegani, watumwa na minyororo shingoni. Miembe ya njia ile ipo hadi leo. Kwa mwenye mzigo, kivuli ni rehema. Mimi nikachafua cha watoto.

Basi ukishuka, sogea mbali. Epuka njia, kivuli na maji. Tafuta udongo laini, UCHIMBE KWELI, kisha ufukie. Hapo neno na kitendo vitakuwa kitu kimoja. Na ndugu zetu wenye mabasi, simameni penye vyoo. Mama zetu wanateseka kimyakimya.

Mzee yule nilimwomba radhi haraka haraka, huku honi inapigwa. Haki yake bado inanielemea.

Allah atusamehe, atutakase nje na ndani. Aamin.