Mbao Zilizotueleza Maisha ya Boti

Rwezamenyo, mjini Kigali, hakuna ziwa. Kuna gereji, maduka ya vipuri, mafundi cherehani, na adhana inayosikika kutoka upande wa Biryogo. Lakini hapo ndipo nilipoanza kupenda boti, katika gereji ya baba mdogo, kwa kuwa mashine zilizochoka kule Kibuye na Cyangugu, kando ya Ziwa Kivu, zililetwa Kigali kwa lori ili zitengenezwe.

Nilipokuwa mtoto, nyingi zilikuwa Lister, dizeli za Kiingereza zisizojua kufa. Lister ile ile ingeweza kusaga unga mlimani, kuvuta maji bondeni au kusukuma boti ziwani. Baadaye zikaanza kuja Yamaha za kufungwa nyuma, nyepesi, watu wawili wanazibeba. Baba mdogo alizipokea vizuri, ila alikuwa akisema kwamba zimebadili hata maumbile ya boti. Maneno hayo niliyaelewa siku tulipoitwa Kibuye kutazama boti ya mbao iliyolala nchi kavu kwa miaka mingi.

Mwenyewe alikuwa ameirithi. Alijua ilikuwa ya babu yake, zaidi ya hapo hakujua. Karatasi zilipotea, na karibu wote ambao wangesema ilitoka wapi waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kibuye ilipoteza watu wengi mno. Zikabaki mbao tu za kuulizwa.

Tulikwenda na mzee mmoja, seremala wa vyombo mwenye asili ya Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Aliponiona na kikwangulio mkononi akanizuia: "Mwanangu, kwanza tazama. Ukishakwangua, umeshainyamazisha." Akaanza na alama za msumeno. Mbao za chini zilikuwa na mikwaruzo iliyonyooka, isiyolingana, ya msumeno wa kupasulia unaovutwa na watu wawili. Mbao za juu zilikuwa na alama za upinde, za msumeno wa mviringo wa kiwandani. Kwa hiyo ubavu wa juu ulibadilishwa baadaye. Misumari nayo ikasema hivyo hivyo: ya chini ilikuwa na pembe nne, ya juu ilikuwa ya mviringo, ile ya dukani. Mbao za chini zilikuwa libuyu ya Kongo, nyekundu na nzito. Mataruma kadhaa, yaani mbavu za boti, yalikuwa mikaratusi, tiba ya mtu aliyekosa libuyu.

Kibati cha Lister kilikuwa na namba, na mwenyewe alitaka tuchukue umri wa boti kutoka hapo. Mzee alikataa. Mashine huhama, ile inaweza kuwa ilisaga mahindi kabla haijaona maji. Alichokiamini ni magogo mawili ya kukalia mashine, yaliyounganishwa na mataruma ya mwanzo, pamoja na tundu la shafti lililotobolewa katika fashini, mti wa nyuma ulioungana na mkuku. Boti ilizaliwa ikiwa ya mashine. Kisha mtu akaziba tundu lile kwa kipande cha mti na kukata ubao wa tezi uwe mfupi, ili Yamaha ining'inie. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu yale maneno ya baba mdogo.

Jioni mzee alituhadithia kuhusu Mimi na Toutou, boti mbili za mahogani ambazo Waingereza walizivusha Kongo mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na kwa maksai, mpaka Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba mwaka huo ziliiteka Kingani, boti ya vita ya Wajerumani. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na historia yake inajulikana hadi leo. Lakini hiyo ni ya chuma. Boti ya mbao ikichakaa huwa kuni za kupikia sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu.

Matengenezo yalikwenda polepole. Mwenyewe alipendekeza faiba juu ya mbao zote, na hapo mzee alikuwa mkali: mbao yenye unyevu ikifungiwa ndani ya faiba huoza bila kuonekana. Kivu haina mdudu wa baharini anayetoboa vyombo. Adui ni maji ya mvua yanayotuama ndani ya boti iliyoachwa bila paa. Tuliikausha kivulini, tukabadilisha mataruma yaliyooza, tukatia kalafati ya pamba na mafuta ya mawese. Iliposhushwa ziwani ilivuja, kama ilivyotarajiwa, mpaka mbao zilipokunywa maji zikafura na kubana.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ule ubao wa tezi. Mzee alitaka urudishwe kama ulivyokuwa. Baba mdogo alisema mkato ule nao ni maisha ya boti: aliyeukata alitafuta riziki enzi watu na mizigo ya pwani ile walipitia majini, kabla ya lami kuunganisha wilaya za ufukweni za Rusizi, Karongi na Rubavu. Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo, na niko huko mpaka leo. Mkato ulibaki, na kizibo cha shafti kikaachwa bila rangi ili kionekane.

Nawe kama kwenu kuna boti kuukuu ufukweni, iwe Kivu, Tanganyika au Nyanza, ifunike mvua isiingie, piga picha za misumari na alama za msumeno, na waulize wazee wangali hai. Ndipo umwite fundi.