Barua kwa Mjukuu Anayekwenda Kupasuliwa Utumbo

Ng'ambo, Tabora

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mama yako amenieleza kwamba hospitali ya Kitete wamekupa rufaa ya Bugando, Mwanza, na kwamba uvimbe uko chini kabisa ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja. Amenieleza pia kuwa tangu upate majibu umehamia chumba cha watoto, na mumeo humwambii neno. Hili la pili mama hawezi kulizungumza na mwanawe. Mimi ni bibi yako, na kwetu bibi ana ruhusa ya kuyasema ya chumbani. Tena nilikuwa muuguzi wodi ya upasuaji mpaka nilipostaafu. Nitasema wazi, nawe soma bila kuinamisha macho.

Ninachokiogopa kuliko kisu ni haya zako. Unaijua tembe ya Kwihara, alimokaa Livingstone. Watu wakifika pale humtaja Stanley na safari ya kutoka Ujiji. Mimi huwaza utumbo wa yule mzee. Mwaka 1864, akiwa kwao Uingereza, alikuwa akitokwa na damu njia ya haja, na daktari mpasuaji akamshauri akatwe bawasiri. Alikataa, hakutaka maradhi ya sehemu ile yaandikwe magazetini. Akarudi Afrika na damu yake ikitoka. Aliingia Kwihara Februari 1872, akaondoka Agosti, na Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Siku za mwisho alikuwa amevuja damu hata miguu haimbebi, akabebwa kwa machela. Farijala, mtumishi wake aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyemfungua tumbo ili mwili ukaushwe, akakuta upande wa kushoto bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja. Chuma, Susi na watumishi wenzao wakampitisha hapa Unyanyembe Oktoba ya mwaka ule, wakielekea Bagamoyo. Upasuaji wa zama zile ulikuwa na hatari zake kubwa, sibishi. Ila mtu aliyevuka mito na vita alishindwa kuruhusu ugonjwa wa makalio ujulikane, na wodini nimewaona wengi wa namna hiyo, waliokuja wamekwisha kuchelewa.

Sasa maandalizi. Mwambie daktari kila unachomeza, aspirini na hata mizizi aliyokuletea mama mkwe, maana zipo dawa zinazozuia damu kuganda. Ndugu wachangie damu mapema. Wiki hizi kula vizuri, samaki, mayai, maharage, maziwa, na utembee kila siku. Kidonda hufungwa na chakula, na mapafu yaliyozoea kutembea huamka vizuri baada ya usingizi wa dawa. Usijinyime chakula siku nyingi kwa kudhani unasafisha tumbo. Ni siku ya mwisho tu ndipo utaambiwa uache vyakula vigumu, unywe chai ya rangi na supu iliyochujwa, pengine na dawa ya kuharisha. Saa ya kuacha kabisa kula na kunywa ifuate ile watakayokupa wao.

Uliza kama utawekewa mfuko wa choo tumboni. Utumbo ukiungwa chini sana, mara nyingi madaktari huitoa njia ya haja tumboni kwa muda, ili maungio yapone bila kupitiwa na kinyesi, kisha baada ya miezi huirudisha ndani. Kwa wengine mfuko huwa wa kudumu. Omba wakuwekee alama kwa kalamu kabla ya upasuaji, ukiwa umesimama, umeketi na umeinama, mbali na mkunjo wa tumbo na mbali na unapofungia kanga. Mfuko ukikaa chini ya fundo la kanga utavuja kila siku na utauchukia bure. Wiki za mwanzo uyoga wa porini na maembe yenye nyuzi uyaache, huweza kuziba njia mpya. Sala hukatazwi: mwenye udhuru hutia udhu wakati wa sala ukiingia, akaswali. Kaa na ustadhi akueleze vizuri.

Kuna swali ambalo wagonjwa hawaliulizi na madaktari wengi hawalianzi. Mishipa ya fahamu inayohudumia tendo la ndoa hupita kando na nyuma ya puru, pale pale watakapokata. Waulize itakuwaje. Kama watakupa mionzi, waulize pia habari ya uzazi, kwa kuwa mionzi ya nyonga huweza kukatisha hedhi na kuukaza uke. Kama bado unataka mtoto, sema kabla ya mionzi ya kwanza. Baadaye hakuna cha kurudisha.

Ukirudi nyumbani, usinyanyue ndoo wala kutwanga kwa wiki 6 hadi 8. Homa, tumbo kujaa au maumivu yanayozidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kuhusu kulala na mumeo, wengi huruhusiwa baada ya wiki 6 hivi, na ikiwa walikukata na kukushona nyuma pia, ni zaidi. Ruhusa itoke kwa aliyekupasua, akishakukagua. Msianzie kwenye tendo. Anzeni kulala kitanda kimoja, akukande mgongo, mzoeane upya. Hamu huchelewa kurudi, na kuchelewa kwake si dalili kwamba umekwisha uanamke. Siku mkiwa tayari, mwaga mfuko kwanza, ukunje, ufunge kanga laini kiunoni iushike. Laleni ubavu, uzito wa mumeo usikuangukie tumboni. Ukikauka, duka la dawa wanauza vilainishi vya maji. Mafuta ya mgando huharibu kondomu. Ile njia ya tumboni isiingizwe kitu kamwe. Ukiumia, mwambie asimame, na maumivu yakiendelea au damu ikitoka, rudi kliniki. Na uzazi wa mpango upange mapema: vidonge huenda visifyonzwe vizuri ukiwa na mfuko wa utumbo mwembamba, basi zungumzia sindano au kipandikizi.

Mumeo akikaa mbali, usimhukumu haraka. Nimewasikia wanaume wengi wakiniuliza pembeni mwa korido kama watamuumiza mke, na mke hajui kwamba aliuliziwa. Babu yako ataongea naye kwa upande wake.

Rudi chumbani kwako usiku huu. Mpe mumeo barua hii aisome yote, kisha aombe ruhusa kazini mwende pamoja Mwanza siku ya kliniki, na lile swali la mishipa mliulize mkiwa wawili mbele ya daktari.

Bibi yako